Maswali ya Wasomaji: Je, Rangi ya Mlango Imepauka Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala wa milango ya nakshi hapa Bagamoyo. Mwaka jana nilipaka vanishi mlango wa mninga wa mteja mmoja ambaye nyumba yake inaelekea baharini, nikaupiga picha kwa simu siku ya kuukabidhi. Sasa ameniletea picha aliyoipiga mwenyewe, anadai rangi imepauka na anataka niirudie kazi bila malipo. Kila mmoja anaona lake. Je, rangi inaweza kupimwa kwa tarakimu? (Seremala, Bagamoyo)

JIBU: Ndugu fundi, inaweza, ila nasikitika kukuambia kwamba picha hizo mbili hazifai kuamua ugomvi wenu. Kila unapopiga picha, simu hujirekebishia yenyewe kiasi cha mwanga na weupe kulingana na kilicho mbele yake. Ukuta uliopakwa chokaa upya ukiingia kwenye picha, simu hupunguza mwanga na mlango ukaonekana umekoza kuliko ulivyo. Isitoshe, mlango unaotazama bahari ya kwetu hupigwa na jua la asubuhi lenye umanjano, na ifikapo alasiri huwa kivulini, ambako mwanga unaotoka angani una ubuluu. Mlango mmoja, siku moja, waweza kutoa rangi mbili.

Ndiyo maana wapimaji huweka kadi ya kijivu, ile inayouzwa kwa wapiga picha, kandokando ya kitu wanachokipiga. Kadi haipauki kama mbao, kwa hiyo ikionekana tofauti katika picha mbili, tofauti hiyo imeletwa na mwanga au na kamera. Piga picha kivulini, saa ileile, kutoka umbali uliopimwa kwa futi kamba, bila flashi wala kichujio cha kurembesha, na mlango uwe mkavu, kwa kuwa mbao yenye unyevu hukoza. Picha usiipitishe WhatsApp kabla ya kuipima, kwani huko hubanwa na kupoteza sehemu ya taarifa zake.

Kipimo chenyewe kilipitishwa mwaka 1976 na CIE, tume ya kimataifa ya mwanga na rangi. Kila rangi hupewa namba tatu: L ni mwangaza, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 100 kwa nyeupe, a huonyesha wekundu, na ikiwa hasi, ukijani, b huonyesha umanjano, na ikiwa hasi, ubuluu. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, husoma namba hizi, nawe uiagize itoe wastani wa eneo pana, kwa sababu nyuzi za mninga zina mistari myeusi na myeupe na nukta moja haiwakilishi ubao mzima.

Tuseme ubao ulisoma 38, 16 na 24, na sasa unasoma 44, 12 na 21. Tofauti ni 6, 4 na 3. Vipeo vyake vya pili ni 36, 16 na 9, jumla 61, na kipeuo chake cha pili ni 7.8, ambayo ndiyo tofauti ya jumla kati ya rangi hizo mbili. Jicho huanza kutambua tofauti inapofika takriban 2, hivyo 7.8 ni badiliko la wazi, na kupanda kwa L pamoja na kushuka kwa a kunaonyesha kuwa mbao imekuwa nyeupe zaidi na imepungua wekundu. Lakini itazame kadi kwanza. Ikiwa nayo imehama kwa 1.4, hesabu yako inasimama. Ikiwa imehama kwa 6, hujapima mlango, umepima mwanga.

Kwa mlango huu, ambao haukupigwa picha pamoja na kadi, ningefanya hivi mteja akiwapo: fungua bamba la kufuli upande wa nje, palipopakwa vanishi ileile lakini jua halikufika, kisha piga picha moja inayoonyesha sehemu hiyo pamoja na ubao ulio kando yake. Zikiwa ndani ya picha moja, chini ya mwanga mmoja, simu haina nafasi ya kurekebisha moja na kuiacha nyingine, na tofauti mtakayoisoma ni ya vanishi na mbao.