Uzazi, Vinasaba na Haki: Majibu kwa Wasomaji

Mimi ni mwanafunzi Nairobi. Kliniki itanilipa nitoe mayai, wanasema ni kama kuchangia damu. Niende?

Si kama kuchangia damu hata kidogo, na anayekuambia hivyo anakuficha jambo. Utadungwa homoni chini ya ngozi ya tumbo kila siku kwa siku 8 hadi 14, utapigwa ultrasaundi mara kadhaa, kisha sindano ya kukomaza mayai. Saa 34 hadi 36 baadaye unapewa dawa ya usingizi, na daktari anapitisha sindano ukeni hadi kwenye ovari na kuyafyonza. Kwa kawaida mwili hutoa yai moja kwa mwezi. Hapa wanalenga 10 hadi 15. Ovari zikizidiwa na dawa huvimba na maji huvujia tumboni. Tumbo likijaa, uzito ukipanda kilo 1 au zaidi kwa siku, mkojo ukipungua au pumzi ikibana, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki ifunguliwe.

Kabla ya kusaini uliza: sindano ya kukomaza ni hCG au agonisti ya GnRH (dawa mbili tofauti za kazi hiyo)? Kwa mtoaji, hii ya pili hupunguza sana hatari hiyo. Nikilazwa nani analipa, na imeandikwa wapi? Nakala ya mkataba ubaki nayo wewe. Ahadi za WhatsApp hazikusaidii ukiwa wodini. Na ukiambiwa malipo yanategemea idadi ya mayai, ondoka. Malipo ya namna hiyo humshawishi daktari kuongeza dozi, nawe yanakufanya unyamazie maumivu. Anayenunua ana wakili, wewe una deni la karo, na kliniki inalijua hilo vizuri.

Mimi na mume wangu ni AS, watoto watatu wa kwanza ni wazima. Wa nne ndiye ataugua selimundu?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, basi lisomeni leo: kila mimba huanza hesabu upya, robo SS (mgonjwa), nusu AS (mzima anayebeba kinasaba cha selimundu), robo AA (hana kinasaba hicho). Na kama hiyo "AS" ilitokana na kipimo cha kutazama seli zikipinda tu, rudieni kwa elektroforesisi au HPLC, vipimo vya maabara vinavyotenganisha aina za himoglobini, maana kile cha kwanza hakitofautishi AS na SS. Wachumba mnaosoma hapa pia, pimeni. Ila hakuna mchungaji, shehe wala mkwe mwenye haki ya kuwalazimisha mwachane kwa sababu ya majibu hayo.

Tiba ya vinasaba ya selimundu itafika kwetu lini?

Mojawapo ya tiba hizo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na kabla ya kurudishiwa seli zake za uboho zilizorekebishwa vinasaba anapewa kemotherapi kali inayoweza kumwacha tasa. Zaidi ya robo tatu ya watoto wenye selimundu huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara. Daini kwanza kipimo cha mtoto mchanga, penisilini mara mbili kwa siku hadi miaka 5, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, katika duka la dawa la hospitali ya wilaya. Watoto wanakufa kwa kukosa hivyo.

Nimekata nywele za mtoto, nipime ubaba kimya kimya. Dodoma.

Nywele za mkasi hazina mizizi, hazifai. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009: ombi hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Mtoto na mama yake nao wana haki zao katika jambo hili.

Shemeji yangu atatubebea mimba hapa Kenya. Je, jina la nani litaandikwa kama mama wa mtoto?

La shemeji. Katika kesi ya mlalamikaji aliyetajwa kwa herufi JLN, mwaka 2014, mapacha waliozaliwa na mama mbadala waliondolewa hospitalini wakapelekwa makao ya watoto. Mahakama Kuu ilisema haki za wahusika zilikiukwa, lakini pia kwamba aliyejifungua ndiye mama hadi kuwe na sheria. Mwoneni wakili kabla ya kiinitete kupandikizwa, yeye wake na nyinyi wenu. Wala msimpeleke kliniki ya wajawazito kwa jina la mkeo. Kundi la damu litaandikwa kwenye faili la mtu mwingine, na akivuja damu ataongezwa isiyo yake.

Nina VVU. Nilifungwa mirija nikiwa kwenye uchungu, wanasema nilisaini.

Saini ya mtu aliye kwenye uchungu, kwenye fomu ambayo hakuelezwa, si ridhaa. Desemba 2022 Mahakama Kuu Nairobi iliwapa fidia wanawake waliotendewa hivyo. VVU si sababu ya kukufunga kizazi, kwani ARV humkinga mtoto. Iandikie hospitali ukidai faili lako, fomu ya ridhaa na maelezo ya upasuaji. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Linganisha saa ya saini na saa ya kuingia chumba cha upasuaji. Omba pia eksirei ya mirija yenye dawa ya rangi, ijulikane kama kweli imefungwa. Na ukishika mimba, wahi ultrasaundi, kwa sababu hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi iko juu.