Maswali ya Wasomaji: Mpira wa Vinyoya wa Wawili kama Kazi

Barua tatu za toleo hili zimetoka Moshi na Arusha, na zote zinahusu wanawake wanaocheza mpira wa vinyoya (badminton) wawili wawili.

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu yuko kidato cha tatu na hucheza mpira wa vinyoya pamoja na rafiki yake wa darasani. Kila wanapokutana na wasichana wa umri wao huwashinda. Sasa anasema hii ndiyo kazi anayoitaka maishani, na baba yake hataki hata kulisikia jambo hilo. Je, kuna watu wanaoishi kwa mchezo huu? – Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Wapo, mama, lakini ni vizuri ufahamu fedha yao inatoka wapi kabla hujakaa na mzee mwenzako kulizungumza. Tangu mwaka 2018 Shirikisho la Badminton Duniani limeyapanga mashindano yake makubwa katika ngazi za Super 1000, 750, 500, 300 na 100, na chini yake yapo mashindano madogo ya kimataifa, ambayo ndiyo majirani zetu wa Kampala na Nairobi wamekuwa wakiyaandaa. Katika mashindano ya wazi ya Malaysia ya mwaka 2024, ambayo ni ya ngazi ya juu kabisa, zawadi zote kwa pamoja zilikuwa dola 1,300,000 za Marekani. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alipata dola 91,000, na jozi iliyotwaa ubingwa wa wanawake wawili wawili ilipata dola 96,200, yaani dola 48,100 kwa kila mmoja. Anayecheza na mwenzake anafanya mazoezi yale yale, anakata tiketi ya ndege ile ile na kulala hoteli ile ile, kisha anapokea karibu nusu ya anachopokea yule anayecheza peke yake. Mimi sioni haki katika mgawanyo huo, lakini ndio uliopo, na anayetolewa katika raundi za mwanzo huenda asirudishe hata nauli.

Kwa hiyo wengi wanaodumu katika kazi hii wanabebwa na ajira, wala si na zawadi. Nchini Japani makampuni makubwa huwa na timu zao na huwaajiri wachezaji kwa mshahara. Ayaka Takahashi na Misaki Matsutomo, ambao walianza kucheza pamoja wakiwa wanafunzi wa sekondari, walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Nihon Unisys walipoingia fainali ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 dhidi ya Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl wa Denmark. Katika seti ya tatu walikuwa nyuma kwa pointi 16 kwa 19, wakachukua pointi tano mfululizo na kuipatia Japani dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huu. China na Indonesia zina kambi za taifa zinazowalea wachezaji tangu wakiwa wadogo. Hapa kwetu wanariadha wengi wamepata ajira katika majeshi, na viongozi wa mpira wa vinyoya wangefanya jambo la maana wakibisha hodi katika mlango huo huo badala ya kusubiri mfadhili.

Kuhusu shule, mfano ninaoupenda uko barani kwetu. Hadia Hosny wa Misri alishiriki Olimpiki mwaka 2008 na 2012 akicheza peke yake, na Tokyo akacheza wawili wawili na Doha Hany, huku akiwa amesoma hadi chuo kikuu katika fani ya dawa. Mwaka 2021 aliingia pia bungeni. Olimpiki huchukua jozi 16 tu za wanawake, na kanuni zimekuwa zikijaribu kuhakikisha kwamba kila bara linapata mwakilishi ikiwa jozi yake bora imefikia kiwango kilichowekwa katika orodha ya ubora. Maana yake ni kwamba binti wa Moshi mwenye ndoto hiyo hashindani kwanza na Wachina, bali na Wamisri, Wanigeria, Wamauritius na Waganda kama Husina Kobugabe na Gladys Mbabazi.

Mwambie baba yake kwamba hatua ya kwanza si ghali sana: amalize kidato cha nne akiendelea na mazoezi, kisha akajaribu mashindano ya Nairobi, ambako basi la kupitia Namanga linafika siku hiyo hiyo. Ila asidhani atajiandikisha mwenyewe, kwa kuwa majina ya mashindano ya kimataifa hupelekwa na chama cha taifa, hivyo ni lazima ajulikane na chama mapema.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina umri wa miaka 22, naishi Njiro. Mwenzangu tuliyecheza naye tangu shule ameolewa na kuhamia Mwanza. Wengine wananishauri nigeukie mchezo wa mtu mmoja, na kocha ananipa msichana wa miaka 16 nianze naye upya. Nimechoka hata kabla ya kuanza. Je, nimechelewa? – Mchezaji, Arusha

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sidhani kama kuna mtu anayeweza kukujibu vizuri kuliko Greysia Polii wa Indonesia, aliyezaliwa mwaka 1987. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alicheza na Meiliana Jauhari, na wote wawili walikuwa miongoni mwa wachezaji wanane, yaani jozi nne za China, Korea Kusini na Indonesia, waliofukuzwa kwa kosa la kupoteza mechi za makundi makusudi ili wapangiwe wapinzani waliowataka katika hatua inayofuata. (Nafasi zilizoachwa wazi ziliwafikisha robo fainali Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, waliokuwa wamekwisha kutolewa.) Polii alikuwa na kila sababu ya kuondoka kwa aibu. Badala yake alipata mwenza mwingine, Nitya Krishinda Maheswari, wakatwaa dhahabu ya Michezo ya Asia ya Incheon mwaka 2014 na kufika robo fainali ya Rio miaka miwili baadaye. Kisha Nitya akaandamwa na majeraha, na jozi hiyo nayo ikavunjika.

Mwaka 2017 akapewa Apriyani Rahayu, msichana wa Konawe aliyezaliwa mwaka 1998. Tofauti yao ni karibu miaka kumi na moja, ambayo ni kubwa kuliko hiyo yenu inayokutisha. Tarehe 2 Agosti 2021 waliwafunga Chen Qingchen na Jia Yifan wa China kwa 21-19 na 21-15 katika fainali ya Tokyo, wakaipatia Indonesia dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wawili wawili. Polii alikuwa amebakiza siku chache atimize miaka 34. Alistaafu Juni 2022, na sasa ikawa zamu ya Apriyani kuanza upya na Siti Fadia Silva Ramadhanti. Mwezi uliofuata wakashinda mashindano ya wazi ya Malaysia.

Usigeukie mchezo wa mtu mmoja kwa sababu tu ya uchovu wa kutafuta mwenza. Uwanja wa wawili una upana wa mita 6.10 na wa mmoja una mita 5.18, lakini tofauti kubwa iko katika kazi yenyewe. Wanawake wawili wanapolinda wakiwa wamesimama bega kwa bega, pigo la nguvu peke yake mara chache humaliza pointi, hivyo mikwaju huwa mingi na ushindi huenda kwa jozi inayojua nani asogee mbele karibu na wavu na nani abaki nyuma akishambulia, bila kugongana na bila kuulizana. Uzoefu huo wa kubadilishana nafasi unao tayari, na ukienda kucheza peke yako sehemu kubwa yake utaiacha mlangoni.

Mkubali huyo wa miaka 16, lakini mweleze kocha kwamba mnahitaji msimu mzima pamoja, kwa kuwa pointi za orodha ya dunia huhesabiwa kwa jozi, na anayebadilisha mwenza kila miezi mitatu hubaki chini siku zote. Kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, epuka kumkemea mbele za watu anapokosea. Atakuitikia kwa heshima, dada, kisha ataanza kupiga mikwaju ya woga ili asikukasirishe, na mpinzani ataligundua hilo kabla yako.

SWALI: Mhariri, nafundisha jozi mbili za wasichana. Vinyoya nilivyoagiza Dar es Salaam hupita mstari wa nyuma vikipigwa hapa, ingawa muuzaji anaapa kwamba ni vya mashindano. Je, nimeuziwa vibovu? – Kocha, Sakina, Arusha

JIBU: La hasha, kocha. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo haikizuii kinyoya vya kutosha. Angalia namba iliyo kwenye kopo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 75 na 79. Namba ikiwa ndogo, kinyoya huenda polepole, kwa hiyo kwako agiza 75 au 76. Kipimo cha kanuni ni kusimama kwenye mstari wa nyuma na kupiga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya kinachofaa hutua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Pima tena Julai baridi inapokaza, maana hewa ya baridi hukipunguzia kinyoya mwendo. Wasichana wako wakiitwa kucheza Dar es Salaam, wafike siku mbili kabla na wafanye mazoezi kwa vinyoya vya huko, la sivyo mikwaju yao mirefu itaanguka katikati ya uwanja na kuwapa wapinzani nafasi ya kuishambulia.