Maswali ya wasomaji: Dawa yetu imezuia virusi maabarani, tuandike inatibu?

SWALI: Tunatengeneza dawa ya kifua kwa majani ya pakanga (Artemisia annua). Ripoti ya maabara inasema mikrogramu 30 kwa mililita zimepunguza kirusi cha UVIKO-19 kwa nusu. Je, tuandike kwenye chupa kwamba inatibu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Msiandike. Kwanza tafuteni kwenye ripoti kiasi cha dawa kinachoua nusu ya seli zisizo na kirusi. Kirusi huzaliana ndani ya seli hai tu, kwa hiyo dawa inayoua seli itapunguza virusi pia na kuonekana inafanya kazi. Gawanyeni kiasi hicho kwa 30. Seli zikifa kwenye 60, jibu ni 2, hapo hamna dawa. Zikivumilia hadi 600, jibu ni 20. Wengi hukubali kuendelea kuanzia 10.

Ulizeni pia uhai wa seli ulipimwaje. Maabara nyingi hutumia MTT, kemikali ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Mimea mingi nayo huigeuza zambarau hata pasipo seli, basi seli zilizokufa zikahesabiwa kuwa hai. Lazima trei ya kupimia iwe na vishimo vyenye dawa na MTT bila seli, na rangi yake itolewe kwenye hesabu. Ripoti isiyotaja vishimo hivyo irudisheni.

Kuna tanini vilevile, kemikali za mimea zenye ukakasi. Hizi hung'ang'ania protini yoyote, za kirusi zikiwamo, lakini ukinywa dawa huishia kwenye protini za mate na chakula. Ombeni ziondolewe kwa poliamidi, aina ya plastiki inayonasa tanini, kisha jaribio lirudiwe. Nguvu ikitoweka, kilichokuwa kikipimwa ni tanini.

La mwisho, na ndilo zito: seli zipi? Wengi hutumia Vero, seli za figo za tumbili, kwa kuwa zinakua upesi. Klorokwini ilizuia kirusi hiki kwenye Vero, lakini mwaka 2020 ikashindwa kwenye Calu-3, seli za mapafu ya binadamu, kwa sababu huko kirusi huingia kwa njia nyingine. Mwaka huohuo jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilionyesha kuwa haidroksiklorokwini, dawa ndugu ya klorokwini, haikupunguza vifo vya waliolazwa. Dawa yenu ipimwe kwenye Calu-3 kabla ya kufikiria wagonjwa.

SWALI: Sisi huchemsha majani, maabara ilitumia ethanoli. Kuna tofauti? – Msomaji huyohuyo

JIBU: Kubwa. Ethanoli hutoa mafuta na utomvu ambao maji hayatoi, kwa hiyo ripoti hiyo si ya dawa mnayouza. Pelekeni majani yaliyokaushwa kivulini pamoja na maelezo kamili: gramu ngapi, maji kiasi gani, dakika ngapi jikoni. Maabara ichemshe hivyohivyo, ichuje kwa kichujio cha mikroni 0.22 kuondoa bakteria, ikaushe na kupima uzito. Pelekeni pia tawi lenye maua kwa mtaalamu wa mimea, maana pakanga ziko zaidi ya aina moja.