Mkutano mkuu wa ALAT: mbona wananchi hatualikwi?

Ndugu yangu wa Newala, umeuliza mbona mwananchi wa kawaida haalikwi mkutano mkuu wa ALAT, yaani Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania. Wanachama wa jumuiya ile ni halmashauri zenyewe, si mtu mmoja mmoja, ndiyo maana wanakwenda mameya, wenyeviti na wakurugenzi. Hoja yako mpe diwani mapema.

Wako wewe ni mkutano mkuu wa kijiji: kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, kila baada ya miezi mitatu. Usiukose, hasa msimu wa korosho. Kijijini kwetu wengi huwa mashambani wakiokota, mabenchi ya shule yanabaki matupu, na mapato na matumizi husomwa mbiombio. Kaa mbele, mwombe mtendaji arudie polepole, kifungu kwa kifungu.