Torki ya Injini na Msukumo Unaouhisi Kitini

Nimezoea gari dogo la petroli la lita 1.5. Nilipoendesha Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, iliondoka kwa nguvu bila kukanyagwa sana, lakini kwenye barabara kuu ikawa nzito. Kwa nini?

Ulichokihisi ni torki, yaani nguvu ambayo injini huzungushia shafti yake. Injini ya 1HZ, yenye ujazo wa lita 4.2, hufikia kilele cha takriban nyutoni mita (kipimo cha torki) 285 kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika, ilhali injini ya petroli ya lita 1.5 kama 1NZ-FE ya Toyota hutoa karibu 140, tena baada ya kuvuka mizunguko 4,000. Nguvu za farasi, hata hivyo, hutokana na torki kuzidishwa kwa mizunguko, na dizeli hiyo haipandi mizunguko mingi. Kwa hiyo ikishakolea mwendo haina akiba ya kulisukuma gari la tani mbili hivi dhidi ya upepo. Gia nazo huchangia, kwa kuwa gia ya kwanza huzidisha torki mara tatu au zaidi, kisha difu, yaani gia za kwenye ekseli, huizidisha tena. Madereva wengi wa magari madogo hupandisha gia mapema mno, halafu wakailaumu injini.

Gari langu la turbo hukawia, kisha huruka ghafla. Je, ni ubovu?

Si lazima. Turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huzungushwa na moshi wa eksozi, ambao huwa haba injini inapozunguka polepole. Ukikanyaga mafuta, moshi huongezeka, turbo hushika kasi na torki hupanda kwa mkupuo. Mwili hutambua upesi mabadiliko ya msukumo, ndiyo maana gari la namna hii huonekana kali kuliko lile linalopanda taratibu, hata pale ambapo saa inaonyesha yamelingana. (Abiria wa nyuma hawaufurahii ukali huo.) Ikiwa kukawia kumeanza karibuni, kagua kwanza mipira ya hewa.

Mbona gari langu lisilo na turbo ni jepesi Mombasa kuliko Nairobi?

Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita. Injini hupata oksijeni pungufu, na torki hupungua kwa kadiri hiyohiyo.

Na gari la umeme?

Nissan Leaf ya kwanza hutoa nyutoni mita 280 tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, bila kubadilisha gia. Mwendo ukizidi, msukumo huo hupungua.