Nyongeza ya mwalimu na kodi ya mama lishe

Mhariri, wiki hii umetuuliza wasomaji wako: lipi lina haki zaidi, Serikali kuweka ukomo wa kodi za nyumba, au kuongeza mishahara ya watumishi wa umma? Mimi ni mwalimu wa sekondari ya Serikali hapa Dar es Salaam, na ni mpangaji. Swali hili linanigusa pande zote mbili, na jibu nitakalolitoa haliupendelei mfuko wangu.

Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia mwezi Julai. Nilifurahi kama walivyofurahi wenzangu, ingawa sisi tulio juu ya kima cha chini tulijua kuwa asilimia hiyo haikuwa yetu. Mwezi wa Mei haujaisha, mzee mwenye nyumba akagonga mlango wangu, akanisalimu kwa adabu zake zote, kisha akasema, "Mwalimu, na sisi Mei Mosi tuliisikia." Chumba na sebule nilichokuwa nikilipia 100,000 kwa mwezi kikawa 120,000. Kwa kuwa kwetu kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo, nilitakiwa kutoa 720,000 mwanzoni mwa Julai, wakati mshahara mpya ungeingia benki mwishoni mwa mwezi huohuo.

Kama jambo hili lingeishia kwangu nisingeandika. Nyumba yetu ina wapangaji watano, na wanaolipwa na Serikali ni wawili tu, mimi na muuguzi wa zahanati. Waliobaki ni fundi cherehani, kijana wa bodaboda na mama lishe mwenye watoto watatu. Kodi ilipanda kwa wote watano kwa kiwango kilekile, kwa sababu tangazo la mshahara husikika redioni na kila mtu, na mwenye nyumba hana sababu ya kuuliza ni mpangaji gani anayehusika nalo. Mama lishe hakuongezewa hata shilingi moja, na sahani yake ya wali maharage hawezi kuipandisha bei bila kupoteza wateja. Isitoshe, kila anaponunua sabuni au muda wa maongezi hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na katika fedha hizo ndimo mishahara yetu inamotoka. Amechangia nyongeza yangu, kisha akaongezewa kodi ya chumba kwa sababu ya nyongeza hiyohiyo.

Naomba nisieleweke kwamba napinga nyongeza. Mshahara ni ujira wa kazi, na kazi ya mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini, au ya muuguzi wa zamu ya usiku, inastahili ujira unaotosha. Kabla ya mwaka 2022, kima cha chini kilipopandishwa kwa asilimia 23.3, watumishi walikaa miaka kadhaa bila nyongeza ya jumla huku bei za sokoni zikiendelea kupanda. Hilo lilikuwa deni, na deni hulipwa. Ninachokikataa ni kuihesabu nyongeza hiyo kana kwamba ni dawa ya makali ya kodi za nyumba. Hata kwa anayeipata, ni ndogo kuliko inavyosikika: kwa mtumishi wa kima cha chini, zile 130,000 zikishakatwa mchango wa pensheni wa asilimia 5, bima ya afya asilimia 3 na kodi ya mapato, kinachofika mkononi ni takriban 110,000, na mwenye mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 nyingine ya mshahara wake. Mwenye nyumba hupanga kodi kwa tarakimu iliyotangazwa jukwaani. Karatasi yetu ya mshahara hajawahi kuiona.

Waliokuwa Dodoma baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoamua kuhamia huko kwa vitendo, wameliona hili kwa ukubwa zaidi. Watumishi wenye mishahara ya uhakika walifika kabla ya nyumba za kutosha kujengwa, kodi zikapanda, na wenyeji wasio na ajira ya Serikali wakajikuta wakishindania vyumba na watu wenye kipato kisichokatika. Fedha ikiongezeka upande mmoja na vyumba vikabaki vilevile, bei ya chumba ndiyo inayosogea.

Je, basi, tuweke ukomo wa kodi? Nchi yetu ilikwisha kulipita hilo, na hatukutoka bila makovu. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wamiliki wa majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hawakulipwa fidia. Msajili wa Majumba aliyekabidhiwa majengo hayo aliyasimamia hadi alipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Katikati ya kipindi hicho ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, iliyofutwa mwaka 2005. Wazee wa Kariakoo na Upanga wanakumbuka matokeo: kodi halali ilikuwa ndogo mno, lakini kuipata nyumba yenyewe ilibidi utoe kilemba chini ya meza, aliyekwisha kuingia alipangisha vyumba kwa wengine kwa bei ya mtaani akaweka tofauti mfukoni, na paa likivuja hakuna aliyelitengeneza, kwa kuwa kodi iliyokusanywa haikutosha hata rangi. Jirani zetu wa Kenya nao wana sheria yao ya kudhibiti kodi ambayo bado inazilinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Kiwango hicho hakikusogezwa wakati kila kitu kingine kilisogea, na leo mpangaji wa kawaida wa Nairobi yuko nje kabisa ya ulinzi wake.

Hapa ndipo ninapomwonea huruma mzee wetu. Ni mstaafu, na nyumba yetu aliijenga kwa kiinua mgongo chake, tofali baada ya tofali. Pensheni yake ni ndogo na kodi zetu ndizo zinazomnunulia dawa. Serikali ikimwambia kuanzia kesho apokee 80,000 kwa chumba na sebule, itakuwa imemtwisha mzee mmoja wajibu wa kumhifadhi mama lishe, wajibu ambao ungepaswa kubebwa na sote kupitia hazina. Nyongeza ya mshahara, kwa upande wa nani anayelipa, ina haki zaidi, kwa kuwa mzigo wake hugawanywa kwa wananchi wote. Kwa upande wa nani anayepokea, ukomo wa kodi ndio wenye haki zaidi, kwa kuwa hauulizi kama mpangaji ana cheki namba, ile namba ya mtumishi wa umma. Wala mzigo anaotwikwa mwenye nyumba haukai kichwani pake siku zote. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme ni mpangaji. Kodi inayomhusu mwenye jengo sisi ndio tunaoilipa, shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu mwaka 2023.

Nikilazimika kuchagua kati ya mawili uliyoyataja, nachagua sheria ya kodi za nyumba, lakini sheria isiyogusa kiwango chenyewe. Kilichomwumiza mama lishe zaidi hakikuwa zile 20,000. Kwa mwezi angezibana. Kilichomwumiza ni kuambiwa mwishoni mwa Mei kuwa mwanzoni mwa Julai alete 720,000 kwa pamoja, yeye ambaye kipato chake huingia kila siku mchana na kuisha jioni. Sheria ingeweza kusema kwamba kodi ilipwe kwa mwezi, au kwa miezi mitatu wakikubaliana. Kwamba kodi isipandishwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwamba taarifa itolewe kwa maandishi miezi mitatu kabla. Na kwamba kila mpangaji awe na mkataba, pamoja na baraza karibu naye la kusikiliza shauri bila kuhitaji wakili. Mzee wetu asingepoteza shilingi katika hayo. Najua atasema kuwa mkupuo ndio unaomwezesha kununua mabati na saruji, na kwamba wapo wapangaji wanaohama usiku na deni. Hoja yake ina uzito, na ndiyo maana baraza hilo lazima lisikilize pande zote mbili, liweze pia kumwamuru mpangaji mdaiwa alipe.

Mimi nililipa zile 720,000 kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa cha walimu, na deni hilo hukatwa kwenye mshahara wangu. Muuguzi alifanya vivyo hivyo. Mama lishe hana chama cha namna hiyo. Alihama wiki ya mwisho ya Juni, akapata chumba kimoja Chanika, pembezoni mwa jiji, na sasa huamka saa tisa usiku ili awahi daladala na afike kwenye jiko lake hapa mtaani kabla wateja wa chai hawajaanza kupita.