Pampu ya mguu ya kunyonya damu: nianze na kampuni au na kifaa?

SWALI: Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji mkoani Kigoma kwa miaka 31 na sasa nimestaafu. Nimebuni pampu ya kukanyaga kwa mguu ya kunyonya damu na majimaji umeme unapokatika, na fundi mmoja wa kuchomelea hapa Mwanga amenitengenezea ya kwanza. Nataka kuanzisha kampuni kwa kiinua mgongo changu. Je, nianzie BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kusajili kampuni ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, kwa hiyo usiitangulize. Kabla hujatoa hata shilingi moja ya kiinua mgongo, kaa uandike sentensi inayoeleza pampu ni ya kazi gani, itatumiwa na nani na kwa mgonjwa yupi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, hupanga vifaa tiba katika madaraja manne, kuanzia A lenye hatari ndogo hadi D lenye hatari kubwa, na matumizi uliyoyaandika ndiyo hubeba uzito katika kuamua daraja na vipimo utakavyodaiwa. Ukiongeza neno "watoto wachanga" umejiongezea mzigo mkubwa, kwa sababu mvuto wa kunyonya njia ya hewa ya mtoto mchanga haupaswi kuzidi milimita 100 za zebaki, na mguu wa mtu mwenye haraka hauna kipimo. Utalazimika kuweka geji pamoja na vali ya kupunguza mvuto, kisha uthibitishe kwamba vali hiyo hufunguka kila mara. Anza na watu wazima.

Jambo la pili nililijua kwa hasara. Katika kifaa changu cha kwanza nilitumia mirija ya plastiki ya kawaida, na ilipotoka kwenye autoklevu, yaani mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121 ilikuwa imelegea na kuta zake zimegandana, haipitishi hata hewa. Tumia silikoni. Chupa nayo iwe na boya linaloziba njia inapojaa, maana damu ikishaingia ndani ya pampu huwezi kuisafisha ukaridhika. Katika mambo kama haya wewe unatuzidi sisi wahandisi: unajua ni kifuniko gani humshinda muuguzi mwenye glavu zilizolowa damu, na ujuzi huo ndio mtaji wako mkubwa.

Michoro, vifaa ulivyonunua, kila jaribio na tarehe yake viingie kwenye daftari moja, kwani kiwango cha ISO 13485 cha ubora wa vifaa tiba hudai kumbukumbu za namna hiyo. Waulize BRELA pia kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kabla hujasambaza picha za pampu, kwa kuwa uvumbuzi uliokwisha kuonyeshwa hadharani unaweza kukosa sifa ya upya. Ukifika kwenye usajili, chagua kampuni yenye dhima ya kikomo, ambayo madeni yake hutenganishwa na nyumba yako. Jina la biashara halikupi kinga hiyo.

Pampu uliyonayo usiipeleke kwa mgonjwa, hata wenzako wa zamani wakikuomba, mpaka TMDA iruhusu. Kwa sasa ijaribu kwa maji, kisha kwa uji mwepesi, maana damu nzito haipiti kama maji, na uhesabu ni mikanyago mingapi inayoijaza chupa.